Maneno Matano katika Historia ya Awali ya Marekani: Somo kwa Mwanafunzi kutoka Kipsongo

Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka mtaa wa Kipsongo, mjini Kitale, akajiunga na chuo kikuu na kusajiliwa katika kozi ya utangulizi ya historia ya Marekani, hukabiliwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni umbali. Majina kama Jamestown, Plymouth na Powhatan hayana mwangwi wowote nyumbani kwao. Cha pili ni lugha. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, lakini anapotaka kumweleza mwenzake alichojifunza, au kukiandika katika jarida la Kiswahili, hana budi kutafuta maneno.

Aghalabu kikwazo hiki cha pili huchukuliwa kuwa suala la tafsiri tu. Makala haya yanashikilia kwamba uteuzi wa neno ni sehemu ya uchambuzi wa historia yenyewe. Neno lisilopimwa hukata hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ili kulithibitisha dai hili, maneno matano yatachunguzwa: kuvumbua, Wahindi Wekundu, mlowezi, mtumwa na uhuru. Kila neno litapimwa kwa matukio ya Marekani kati ya 1492 na 1776, na pia kwa historia ya Trans Nzoia, Bungoma na pwani, kwa kuwa hiyo ndiyo mizani iliyo karibu na mwanafunzi.

Kuvumbua

Vitabu vingi vya shule vimeeleza kwamba Christopher Columbus alivumbua Amerika mwaka wa 1492. Kuvumbua ni kukipata kitu kilichokuwa kimefichika. Swali la msingi ni hili: kilikuwa kimefichika kwa nani? Visiwa alivyofikia Columbus vilikuwa na watu, vijiji na mashamba.

Mfano wa karibu upo. Mwaka wa 1883, Mskoti Joseph Thomson alifika katika Mlima Elgon na kuyakuta mapango yake yakikaliwa na watu. Hakuna Msabaoti ambaye angekubali kwamba mlima huo ulivumbuliwa siku ile. Thomson alifika, akaona, akawaandikia Wazungu wenzake. Kitenzi "kufika" kinatosha kwake, na kinatosha kwa Columbus pia. Kitenzi hicho hakipunguzi uzito wa tukio, bali huwaacha wenyeji wakiwa mahali walipokuwa.

Wahindi Wekundu

Jina hili limebeba makosa mawili. La kwanza ni la Columbus, aliyedhani kwamba amefika pande za Bara Hindi. La pili ni kuwatambulisha watu kwa rangi ya ngozi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna tatizo la ziada, maana anawajua Wahindi, na baadhi yao wamekuwa na maduka Kitale kwa miaka mingi. Jina humfanya awatafute watu mahali wasipokuwepo.

Mwanafunzi kutoka Bungoma hatashangazwa na jambo hili. Maafisa wa Kiingereza, akiwemo C. W. Hobley aliyehusika katika vita vya Lumboka na Chetambe mwaka wa 1895, waliwaita Babukusu "Kitosh", jina ambalo Babukusu walibandikwa na majirani. Vivyo hivyo, Metacom, kiongozi wa Wawampanoag, aliitwa na Waingereza Mfalme Philip, na vita alivyopigana mwaka wa 1675 na 1676 vingali vinaitwa kwa jina hilo.

Je, majina haya yafutwe? La. Anayetafuta habari za Babukusu katika nyaraka za zamani asipolijua jina la Kitosh hatazipata. Jina la namna hiyo ni ufunguo wa kufungulia kabati la nyaraka. Katika maandishi yake mwenyewe, hata hivyo, mwanafunzi atumie jina la jamii husika, kama vile Wapowhatan au Wawampanoag, na anapozungumzia jamii zote kwa pamoja aandike "wenyeji wa Marekani".

Mlowezi

Kitenzi "kulowea" humaanisha kukaa ugenini hadi mtu akawa kama mwenyeji. Neno hili linafaa kwa Waingereza waliofika Jamestown mwaka wa 1607 chini ya kampuni ya wafanyabiashara wa London. Linafaa pia kwa abiria 102 wa merikebu Mayflower waliofika mwaka wa 1620. Hao wa pili wakati mwingine huitwa "mahujaji". Jina hilo linapotosha, kwa maana hujaji huenda mahali patakatifu akatimiza ibada na kurejea kwao, ilhali abiria hawa walikwenda kukaa. Tena makazi yao ya Plymouth waliyajenga palipokuwa na kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi kati ya 1616 na 1619.

Walowezi walihitaji hoja ya kuihalalisha ardhi waliyoitwaa. John Winthrop wa Massachusetts alidai kuwa wenyeji hawakuwa wamezungushia ardhi ua wala kufuga ng'ombe juu yake, na kwa hivyo sehemu kubwa ilikuwa wazi kwa yeyote. Huko Trans Nzoia, malisho ya Wasabaoti na majirani zao yalihesabiwa kuwa ardhi tupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 iliruhusu mikataba ya miaka 999, na kuanzia mwaka wa 1919 askari wa Kiingereza waliotoka vitani waligawiwa mashamba. Reli ilipofika Kitale mwaka wa 1926, wenyeji wengi walikuwa tayari maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Methali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akamhesabia na siku.

Mtumwa

Mwaka wa 1619, Waafrika wapatao 20 waliotekwa Angola walifikishwa Virginia. Mwandishi wa Kiswahili atawaita watumwa, na msomaji wake ataukumbuka utumwa wa pwani. Hapo ndipo neno linapoweza kumpoteza. Mwaka wa 1662, Virginia ilipitisha sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Aliyezaliwa na mama mtumwa alikuwa mtumwa, hata kama baba yake alikuwa bwana mwenye shamba. Katika pwani ya Waswahili, chini ya sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na bwana wake kuwa mwanawe alikuwa huru na alikuwa na haki ya kurithi.

Tofauti hii haiufanyi utumwa wa pwani kuwa wa huruma. Watu walitekwa, wakauzwa na kutumikishwa kwa nguvu katika mashamba ya karafuu na ya nafaka. Inachoonyesha ni kwamba neno moja linaweza kufunika sheria mbili zilizotofautiana. Mwanafunzi atumie neno "mtumwa", kisha aeleze sheria iliyomfunga mtumwa huyo.

Uhuru

Katika masikio ya Mkenya, uhuru ni Desemba 1963: wenyeji walijitoa katika utawala wa kigeni. Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka wa 1776 lilikuwa la namna nyingine. Waliojitangazia uhuru walikuwa walowezi, na waliyemkataa alikuwa mfalme wao wenyewe. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa amri ya mfalme ya mwaka wa 1763 iliyowazuia kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia, kwenye ardhi ya wenyeji. Tangazo lilisema watu wote wameumbwa sawa, lakini utumwa haukukomeshwa nchini kote hadi mwaka wa 1865.

Ulinganisho wa kufaa zaidi nchini Kenya si 1963, bali ni miaka ya 1922 na 1923, ambapo baadhi ya walowezi walipanga kuiasi serikali ya Uingereza kwa hofu kwamba Wahindi wa Kenya wangepewa haki sawa na zao. Mwanafunzi akiujua mpango huo ataelewa kwamba walowezi wanaweza kudai uhuru na wakati huohuo kuwanyima wengine.

Hitimisho

Wakazi wengi wa Kipsongo wana asili ya Turkana, na wengi wao walifika Kitale kwa sababu ya ukame na uvamizi wa mifugo. Watu hao wameitwa wahamiaji, maskwota na wageni, na kila jina lina uzito wake pale swali la nani ana haki ya kukaa wapi linapozuka. Ndiyo maana zoezi hili si la darasani pekee. Anayejifunza kumuuliza Columbus alivumbua kwa niaba ya nani atajua pia kuuliza ni nani anayemwita jirani yake mgeni, na kwa hoja gani.

Maswali ya kujadili

1. Tunga sentensi tatu kuhusu safari ya Joseph Thomson ukitumia vitenzi "kufika", "kugundua" na "kuvumbua". Eleza jinsi kila kitenzi kinavyowabadilisha wenyeji katika sentensi.

2. "Tangazo la mwaka wa 1776 lilileta uhuru Marekani." Andika upya kauli hii mara tatu: kwa mtazamo wa mlowezi, wa Mwampanoag na wa mtumwa wa Virginia.

3. Zuru Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka wa 1974 na kurithi mikusanyo ya mlowezi Hugh Stoneham. Chagua kifaa kimoja cha wenyeji, kisha kiandikie maelezo mawili ya Kiswahili: moja kwa sauti ya aliyekikusanya, jingine kwa sauti ya aliyekitengeneza.