TULIVYOTEMBEA KITALE TUKIONJA VYAKULA VYA KALE
Na Katibu wa Chama cha Kiswahili

Ni desturi ya jarida letu kutoa kila mwaka somo moja ambalo halimo vitabuni. Somo la mwaka huu lilipatikana barabarani, sokoni na kibandani. Mimi kama katibu nilikabidhiwa daftari nikaambiwa niandike jina la kila chakula tutakachokiona. Naomba msinicheke mkifika katikati, maana mwandishi mwenyewe ndiye aliyeaibika.

CHANZO CHA SAFARI

Siku moja mwalimu mlezi alituletea habari za nchi ya Poland, huko Ulaya. Katika miji kama Warsaw na Kraków, wageni hulipa pesa wakaongozwa kwa miguu, mtaa hadi mtaa, wakionja vyakula vya wenyeji. Huonjeshwa pierogi, yaani vipande vya unga wa ngano vilivyokunjwa na kujazwa viazi na jibini, kisha vikatokoswa. Huonjeshwa pia żurek, mchuzi mchachu unaotokana na unga wa rai, nafaka jamaa ya ngano, uliolowekwa siku kadhaa hadi ukachacha. Na kuna oscypek, jibini ya maziwa ya kondoo ambayo wachungaji wa milima ya Tatra huikausha kwa moshi.

Mwenzetu mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, sasa nani atalipa pesa atembezwe Kitale aonyeshwe ugali?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Jumamosi tutajua."

Jumamosi ilipofika tulikuwa wanafunzi kumi na wanane, kila mmoja ametoa shilingi mia moja na hamsini. Kiongozi wetu hakuwa mtu wa makoti. Alikuwa mama mmoja aliyeuza mboga sokoni tangu mwalimu wetu akiwa mwanafunzi. Sote tulimwita Mama.

KITUO CHA KWANZA: JUMBA LA MAKUMBUSHO

Tulianzia Jumba la Makumbusho la Kitale, kando ya barabara ya kwenda Eldoret. Historia yake ni ndefu. Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa mkusanyaji wa wadudu, vitabu na vitu vya kila aina, alianza makumbusho yake mwenyewe mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966, mkusanyiko wake ulirithiwa na taifa, na mwaka wa 1974 jumba la sasa likafunguliwa. Mwaka huo wa 1926 ndio pia reli ilipofika Kitale.

Mle ndani Mama alitusimamisha mbele ya jiwe la kusagia. Akauliza, "Hili lilisaga nini?" Tukajibu kwa sauti moja, "Mahindi!" Akatikisa kichwa. "Wimbi, wanangu. Wimbi na mtama."

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Sisi wa Trans Nzoia tumezoea kuambiwa tunaishi katika ghala la nafaka la Kenya, na nafaka yenyewe ni mahindi. Kumbe mahindi ni mgeni! Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliochangia kuyaleta Afrika. Wimbi ndilo mwenyeji, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Mahindi yalitawala huku kwetu wakati wa mashamba makubwa ya walowezi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapa Kitale mwaka wa 1956. Halafu mwaka wa 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya hapa na mahindi kutoka Ecuador. Mavuno yakaongezeka, na jiwe la kusagia likahamia makumbusho.

Simaanishi kwamba mahindi ni mabaya. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Hata viazi vya pierogi vilitoka Amerika kama mahindi yetu, na leo hakuna Mpolandi anayeviita vya kigeni. Lakini ni vyema mtu amjue mgeni na amjue mwenyeji.

KITUO CHA PILI: SOKONI

Kutoka makumbusho tulitembea hadi sokoni. Mama alichukua kitita cha mboga akakiinua juu. "Hii munaiita nini?"

Mimi natoka Bungoma, na siku zote nimejigamba kwamba mboga za kienyeji nazijua kama viganja vya mikono yangu. Nikajibu haraka, "Mchicha!"

Wauzaji wote wa pale walicheka hadi mmoja akajishika mbavu. "Ati mchicha? Wewe ni mtoto wa wapi?" Ilikuwa saga. Kati yetu kumi na wanane, ni wawili tu walioitambua. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mwalimu aliligeuza jambo hilo kuwa somo. Alimwomba kila mmoja aseme mboga hiyo inaitwaje kwao. Mbukusu akasema chisaka. Mjaluo akasema dek. Mkisii akasema chinsaga. Mkalenjin akasema saget. Kisha akauliza jina la Kiswahili sanifu, na chama kizima cha Kiswahili kikanyamaza kimya! Jina lenyewe ni mgagani, na limo kamusini. Managu nayo ni mnavu. Ile ya kuteleza tunayoiita mrenda, kamusi huiita mlenda, na Wabukusu huiita murere. Mitoo, au kimiro kwa Kibukusu, baadhi ya Waswahili huiita marejea.

Mama alieleza kwamba mashamba makubwa yalipoanza kulimwa kwa trekta, mgagani na mnavu vilihesabiwa kuwa magugu. Watu wakapanda kabichi na sukuma wiki zilizotoka nje. Mboga za kale zikaitwa chakula cha maskini, na watoto wakaona haya kuzila mbele ya wageni. Leo mambo yameanza kugeuka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizi na kuonyesha utajiri wake wa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini. Sasa hata maduka makubwa ya mjini huziuza, tena kwa bei ya juu kuliko sukuma wiki.

Kabla ya kuondoka tulionja kumbikumbi waliokaangwa na kutiwa chumvi. Wapo waliofumba macho kwanza, lakini gorogoro ndogo ikaisha.

KITUO CHA TATU: KIBANDANI

Kufikia saa saba njaa ilikuwa imetushika. Mama alitupeleka kwenye kibanda cha dada yake, ambako tuliandaliwa ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, pamoja na mrenda uliopikwa na majani ya kunde. Ulikuwepo mgagani wa kulala pia, yaani uliochemshwa, ukatiwa maziwa, ukalazwa chunguni ili uchungu upungue. Kinywaji kilikuwa uji mchachu, ambao unga wake huloweshwa siku mbili tatu kabla ya kupikwa. Nilipoonja nilikumbuka ile żurek. Mpolandi na Mbukusu hawajawahi kukutana, lakini wote waligundua kwamba unga uliochacha una ladha.

Tulipoletewa kuku, Mama alitusimulia kwamba zamani kwa Waluhya mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, na firigisi ilikuwa haki ya mwenye boma. Wasichana walipiga kelele! Mama akasema, "Nyinyi kuleni. Si kila la kale ni la kurudishwa." Firigisi alipewa mwenyekiti wetu, ambaye ni msichana, naye hakubakisha.

Kilichonishangaza zaidi ni kijichupa cha maji ya rangi ya chai ya rangi. Mama alitia vijiko viwili katika sufuria ya mrenda, majani yakalainika upesi. Aliyaita munyu. Kwa Kibukusu ni kumukhelekha, chumvi ya majivu. Mwalimu akatuongezea kwamba neno munyu limo pia katika Kiswahili, na maana yake ni chumvi.

KITUO CHA NNE: MAZIWA

Mwisho tulionja mursik kwa muuzaji mmoja Mkalenjin. Maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti kama senetwet, yakakaa siku kadhaa. Makaa huyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo haya ambayo wanariadha wetu hupokewa nayo uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Wapokot, majirani zetu wa kaskazini, nao huchanganya maziwa yao ya mgando na jivu la mti uitwao cromwo.

Mwalimu alirudi tena Poland. Ile jibini ya moshi, oscypek, ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2008. Mtu wa eneo lingine haruhusiwi kuuza jibini yake kwa jina hilo. "Wenzetu wanalinda hata jina," alisema. Kwetu nako kuna juhudi. Kenya ilirekodi vyakula vya Waisukha wa Kakamega na vya Wapokot wa Mashariki, na mwaka wa 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Lakini orodha haipiki mboga. Anayepika ni mtu.

NYUMBANI KWA KUKHU

Likizo ilipofika nilienda Bungoma kwa kukhu, yaani nyanya yangu. Nilimwomba anifundishe kutengeneza munyu. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Nani amekutuma?" Nikamwambia hakuna. Akasema ameacha kuutengeneza miaka mingi, kwa sababu magadi hupatikana dukani na hakuna mtoto wala mjukuu aliyewahi kuuliza. Mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi hapo, aliinamisha macho. Yeye pia hakujua.

Tulikusanya maganda makavu ya maharagwe, tukayachoma hadi yakawa jivu. Kukhu alitoboa matundu chini ya mkebe, akatandika nyasi, akajaza jivu, akaniambia nimimine maji polepole. Mimi nikamimina kwa pupa. Yakatoka maji machafu yenye jivu, na kukhu akayamwaga yote bila neno. Mara ya pili nilimimina kidogo kidogo. Yakadondoka tone baada ya tone, safi, rangi ya chai.

"Utajuaje kama yametosha nguvu?" nikauliza. Akachovya kidole, akaonja, akanipa nionje. Ladha ile siwezi kuiandika. Ulimi huhisi utelezi na kuumwa kidogo. Ndipo nilipofahamu kwamba lile daftari langu, hata lingejaa majina yote, lingekuwa na upungufu. Kipimo cha munyu kimo katika ulimi wa kukhu, naye ana miaka zaidi ya themanini.

TULIYOJIFUNZA

Kwanza, jina la chakula ni mlango wa maarifa. Anayeita kila jani mchicha hawezi kujua kwamba mgagani hulazwa kwa maziwa na mrenda haulazwi. Pili, elimu ya kale ilikuwa na sayansi yake. Maji ya jivu ni alkali, ndiyo maana hulainisha majani. Ila yasizidi, kwa kuwa alkali nyingi huharibu baadhi ya vitamini. Tatu, wazee wetu hawakutunyima elimu. Sisi ndio hatukuuliza. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba asiyeuliza mila ameshaiacha bila kujua.

Kwa yule mwenzetu aliyeuliza nani atalipa pesa aonyeshwe ugali: tulilipa, na tulikula tukasaza.

MSAMIATI WA KUKUMBUKA
Mgagani: saga, chisaka, dek, chinsaga, saget.
Mnavu: managu.
Mlenda: mrenda, murere.
Marejea: mitoo, kimiro.
Munyu: chumvi, pia maji ya jivu la maganda.
Kumbikumbi: mchwa wenye mabawa.

MASWALI
1. Eleza kwa nini mwandishi anayaita mahindi "mgeni" na wimbi "mwenyeji".
2. Taja mambo mawili yanayofanana kati ya vyakula vya Poland na vya eneo letu.
3. Mama alisema si kila la kale ni la kurudishwa. Je, unakubaliana naye? Toa mfano kutoka kwenu.
4. Ukienda likizo, muulize mzee mmoja wa kwenu namna ya kupika chakula ambacho wewe hukijui. Andika hatua zake kwa Kiswahili. Kazi bora zitachapishwa katika toleo la mwakani, Mungu akitujalia uhai.