MARADHI YA SUKARI: SOMO KWA WENYE MASHAMBA NA WACHUMAJI



Ukurasa huu wa masomo kwa desturi ni wa miche, palilia na uanikaji. Safari hii tumeuacha mkarafuu, twataka kusema habari za mtu anayeukwea. Sababu yake ni hii. Msimu uliopita mchumaji mmoja wa siku nyingi, mtu wa kuaminika sana katika kazi yake, alikuwa juu ya mti saa nne ya asubuhi wenziwe walipomwona ameacha kuchuma na kulikumbatia tawi. Walimwita, akajibu maneno yasiyoeleweka. Vijana wawili walikwea wakamteremsha kwa kamba, jasho likimtiririka na mikono ikimtetemeka. Wengine walisema ni shetani, wengine wakasema ni njaa. Waliosema njaa walikuwa karibu na ukweli. Mzee mmoja alimnywesha chai yenye sukari nyingi, na baada ya robo saa akili zake zikamrudia. Ndipo aliposema kwamba ana maradhi ya sukari huu mwaka wa tatu, kwamba alimeza vidonge vyake alfajiri akatoka bila kutia kitu tumboni, na kwamba aliificha habari hii asije akanyimwa kazi.

Tuliposimuliwa haya tuliona haya sisi wenyewe. Twahesabu pishi za kila mchumaji, wala hatujapata hata siku moja kumwuliza mtu hali yake kabla hajapanda.

Basi tuanze na maradhi yenyewe. Chakula tulacho, kiwe muhogo, wali, ndizi au boflo, hugeuka kuwa sukari, na damu huichukua sukari hiyo kuipeleka kila pahali mwilini. Lakini haiwezi kutumika sawasawa pasipo insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Yuko mtu ambaye kongosho lake limekoma kabisa kutengeneza insulini. Huyu aghalabu huanza kuugua angali mtoto au kijana, na bila ya sindano haishi. Yuko na mwingine, nao ndio wengi, ambaye insulini anayo lakini mwili hauitii vizuri, au haimtoshi tena. Sukari ikibaki nyingi katika damu miaka na miaka huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguuni.

Ukubwa wa jambo hili msomaji aupime kwa hesabu hizi. Mwaka 1989 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania bara, na katika kila watu wazima 100 hakupatikana hata mmoja kamili mwenye maradhi haya. Uchunguzi wa mwaka 2012, uliofanywa pia bara, ulikuta karibu watu 9 katika 100. Njia za kupima hazikuwa zile zile, na uchunguzi wa pili haukuwa wa vijijini peke yake, lakini hata tukipunguza kwa ajili ya hayo, tofauti ni kubwa mno. Katika Afrika nzima yakadiriwa kwamba wengi wa wenye maradhi haya hawajijui kuwa wanayo. Mkojo mwingi, kiu isiyokatika, kukonda bila sababu, kidonda kisichopona: mwenye dalili hizi akapimwe. Akipimwa kabla ya kula asubuhi, zaidi ya mara moja, akaonekana amefika 7 au kupita, basi anayo.

Insulini yenyewe ina miaka mia na kitu tu tangu ilipojulikana. Mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, waliitoa katika kongosho la mbwa. James Collip akaisafisha. Na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa akapona kifo. Kabla ya hapo mtoto mwenye maradhi hayo hakuwa na la kufanyiwa ila kunyimwa chakula ili afe polepole badala ya haraka. Wenye haki ya ugunduzi huo waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Msomaji akitazama bei za dawa leo atastaajabu.

Turudi kwa mchumaji wetu. Dawa za maradhi haya hazifanani. Ile iitwayo metfomini, ikitumiwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Lakini insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamidi hushusha sukari, umekula hujala. Mtu akizitumia na tumbo tupu, kisha akafanya kazi nzito kama ya kukwea, sukari huweza kuanguka chini ya 4. Na hapo hutetemeka, hutoka jasho, huona kiza, hupotewa na maneno, na mwisho huzimia. Nyumbani ataanguka chini. Juu ya mkarafuu ni habari nyingine.

Dawa ya papo hapo ni sukari: vijiko vitatu au vinne katika maji au chai, kisha chakula cha kukaa tumboni. Asiyejifahamu asitiwe kitu kinywani, atapaliwa. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mbio. Na yeyote anayetumia dawa hizo, akitaka kufunga Ramadhani, kwanza azungumze na daktari wake habari ya saa za dawa, kabla ya mwezi kuandama.

Sasa tuje kwenye vyombo vipya, ambavyo wanachama wengi wametuuliza. Zamani mgonjwa alikuwa hana njia ila kujichoma kidole na kuweka tone la damu katika kijiti cha kupimia. Njia hii bado ni nzuri na ndiyo ya wengi wetu. Lakini tangu mwaka 1999 pameingia chombo kinachovaliwa mwilini, na tangu 2014 kimekuwa chepesi na rahisi kuvaa. Ni kidude kama kifungo kikubwa cha koti, hubandikwa nyuma ya mkono, nacho kina uzi mwembamba kuliko sindano unaoingia chini ya ngozi kidogo tu. Uzi huo hauchovyi katika damu. Huchovya katika majimaji yaliyo baina ya chembe za mwili, na kila dakika chache hupeleka hesabu kwenye simu ya mkononi. Sukari ikianza kuteremka, simu hulia. Mwenzetu yule angekuwa nacho, simu ingalilia mfukoni mwake kabla hajafika tawi la kwanza.

Tena tuseme kasoro zake, maana muuzaji hatazisema. Majimaji yale hufuata damu nyuma kwa dakika tano mpaka kumi hivi au zaidi. Kwa hiyo sukari inaposhuka kwa kasi chombo husema uongo kidogo, na mtu ajisikiaye vibaya ale sukari asingojee simu. Jasho huibandua gundi. Na kidude chenyewe ni cha siku 10 mpaka 15, kisha hutupwa na kununuliwa kingine. Kwa mtu anayelipwa kwa pishi huo ni mzigo mzito, wala hatutaki kumdanganya mtu kwamba kesho kitakuwa katika kila duka. Kijiti na tone la damu kabla ya kupanda, kipande cha muhogo au mkate tumboni, na sukari mfukoni, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Liko jambo moja latuudhi. Wapo wanaozunguka na saa na pete wakidai kwamba zapima sukari kwa kugusa ngozi tu, bila uzi wala sindano, na bei yao si haba. Mwezi wa Februari 2024 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya tiba ilitoa ilani kwamba haijapata kuidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo, na kwamba kuziamini kwaweza kumfanya mtu ajidunge insulini kwa hesabu ya uongo. Saa inayoonyesha hesabu iliyoletwa na kile kidude chenye uzi ni halali. Hiyo ni kioo tu. Lakini saa inayodai kupima yenyewe, mwanachama asiinunue. Mmoja wetu alifanya jaribio: aliivika saa hiyo mguu wa meza, nayo ikamwambia sukari ya meza ni 5.6.

Kuhusu kuhifadhi insulini. Barua nyingi zimeuliza: mtu asiye na friji, au ambaye umeme wake hukatika, afanyeje? Chupa isiyofunguliwa yatakikana ikae katika baridi ya daraja 2 mpaka 8. Isigande kamwe, iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Iliyokwisha kufunguliwa hukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi pasiwe na joto jingi. Zamani walisema mwisho ni daraja 25 au 30. Lakini mwaka 2021 ilitangazwa kazi ya madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, nayo yatuhusu sana sisi watu wa joto. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, kaskazini mashariki ya Kenya, wakaona kwamba hupanda na kushuka baina ya daraja 25 na 37 mchana na usiku. Kisha katika maabara wakaiweka insulini katika joto lile lile kwa wiki nne, na nguvu zake hazikupungua kwa kiasi cha kudhuru. Maana yake ni kwamba wagonjwa wale hawakuwa na haja ya kwenda hospitali ya kambi kila siku, asubuhi na jioni, kudungwa.

Hata hivyo baridi ni bora kuliko joto, na mama zetu walikuwa na njia yake. Chukua chungu kikubwa na kidogo, visivyopakwa rangi. Tia mchanga chini ya kile kikubwa, weka kidogo ndani yake, jaza mchanga pande zote na uumwagie maji. Insulini iingie ndani ya chungu kidogo katika kopo kavu lenye kifuniko, na juu pafunikwe kitambaa kibichi. Weka kivulini penye upepo, wala si ndani ya kabati, maana ni upepo ukaushao maji ndio uletao baridi. Vyombo vya namna hii vilipimwa katika nchi za joto, habari zake zikatangazwa 2016, na kweli hupunguza joto. Ila hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama hapa kwetu masika, hupunguza kidogo tu. Insulini ile ya maji meupe ikiingia ukungu au vipande, itupwe.

Mambo mengine yanayotangazwa huko ng'ambo twayapitia upesi. Ipo pampu inayozungumza na kile kidude cha mkononi na kumpa mgonjwa insulini yenyewe kwa kiasi. Uingereza ilianza kuzigawa kwa mpango wa serikali mwaka 2024. Zipo dawa zilizotokana na uchunguzi wa sumu ya mjusi mmoja wa jangwani huko Marekani. Jamaa zao za leo hushusha sukari na uzito, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizitia katika orodha yake ya dawa za lazima. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba watu 12 walitiwa chembe za kongosho zilizokuzwa maabara, na baada ya mwaka 10 kati yao hawakuhitaji tena sindano ya insulini, ingawa yawapasa kumeza dawa za kutuliza kinga ya mwili. Na huku kwetu Afrika, uchunguzi uliofanywa Kamerun, Uganda na Afrika ya Kusini ulionyesha kwamba vijana wengi wanaoitwa wagonjwa wa aina ya kwanza hawana ile alama ya mwili kujishambulia ambayo vitabu vya Ulaya vyaeleza. Huenda maradhi yao ni ya namna yake. Hili twaliona kubwa kuliko pampu.

Tumebakiwa na swali ambalo tumelikwepa matoleo mawili: je, karafuu hutibu sukari? Tumeombwa tuandike kwamba hutibu. Twajua sababu ya ombi hilo, na sisi pia karafuu zetu zimo ghalani zangoja bei. Ukweli ni huu. Majaribio kwa panya yameonyesha dalili njema. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya jaribio dogo ambalo watu walipewa dawa iliyokamuliwa katika karafuu kwa siku 30, na sukari yao ikashuka. Lakini watu wale walikuwa wazima au wanaokaribia tu maradhi, wachache, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nao. Chai ya karafuu na inywewe kwa utamu wake. Mafuta ya karafuu hayanywewi. Mtoto akiyanywa yaweza kuharibu ini lake. Na asiyeishi ila kwa insulini, akiiacha kwa kutegemea maji ya karafuu, aweza kufa katika siku chache. Hatutachapa neno jingine kinyume cha hili, hata bei ikianguka.

Neno la miguu. Mishipa ya fahamu ikiharibika mtu hukanyaga kijiti kikavu wala asisikie, na kidonda kikaanza. Mchumaji mwenye sukari atazame nyayo zake kila jioni, na akishuka mtini avae viatu.

Kamati imekubali kwamba kuanzia msimu ujao kila msimamizi wa wachumaji atakuwa na mfuko wa sukari, chupa ya maji na kipimo kimoja cha vijiti. Mwenye maradhi atakayejitaja hatanyimwa kazi. Siku ambayo sukari yake iko chini au hajala atapewa kuchambua makonyo na kuanika jamvini, na malipo yake ya siku hiyo kamati bado inayajadili. Wenye maoni walete kwa karani kabla ya mkutano.