Sanamu ya Bobo

Mtoto mdogo hajui kusoma, lakini macho yake yanasoma mchana kutwa. Anaona mama anatwanga, naye anashika kijiti na kutwanga mchanga. Hakuna aliyemfundisha. Je, akiona watu wanapigana, anajifunza nini?

Bwana Albert Bandura, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, alitaka kujua jambo hilo sawasawa. Mwaka 1961 yeye na wenzake walieleza habari ya watoto 72, wavulana 36 na wasichana 36. Mdogo wao alikuwa na miaka 3, mkubwa alikaribia 6.

Wengi wao waliingizwa chumbani mmoja mmoja, wakapewa picha za kubandika. Katika pembe nyingine alikaa mtu mzima. Mbele yake palikuwa na sanamu iliyojazwa upepo, urefu wake mita moja na nusu, jina lake Bobo. Ukiipiga inaanguka, kisha inasimama tena. Watoto 24 walimwona mtu yule akiikalia sanamu, akiipiga ngumi puani, akiigonga kichwani kwa nyundo ya mti, akiirusha juu na kuipiga teke, huku akisema maneno ya ukali. Wengine 24 walimwona mtu mtulivu, asiyeigusa sanamu. Wengine 24 hawakuona mtu yeyote.

Halafu mtoto alionyeshwa vitu vizuri vya kuchezea, na mara akaambiwa: « Hivi vimewekwa kwa watoto wengine. » Ukifanyiwa hivyo, wewe hukasiriki? Mtoto na hasira yake akapelekwa katika chumba cha tatu. Humo alikuta Bobo mdogo na nyundo, lakini pia vikombe vya kuchezea, magari madogo na karatasi za kuchora. Achague mwenyewe.

Wale waliomwona mtu mkali wakaipiga sanamu kama yeye: nyundo ile ile, teke lile lile, hata maneno yale yale. Wenzao hawakufanya hivyo ila kidogo sana. Watu wengine wamesema kwamba Bobo ametengenezwa kwa kupigwa, na kupiga sanamu si kupiga mtu. Ni kweli. Lakini yale maneno, watoto waliyatoa wapi?

Mwaka 1963 Bwana Bandura alileta watoto 96. Safari hii baadhi yao walitazama sinema tu. Nao pia wakaiga. Basi, mtu wa ndani ya picha ni mwalimu kama mtu aliye mbele yako.

Jambo la mwaka 1965 linastahili kufikiriwa zaidi. Watoto walitazama sinema ya mtu anayempiga Bobo. Wengine waliona mtu huyo akisifiwa mwishoni na kupewa peremende. Wengine waliona akikemewa na kuchapwa. Waliomwona akichapwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Kumbe! Walipoahidiwa maji ya matunda kama wakionyesha aliyoyafanya, waliyaonyesha sawa na wenzao. Yote walikuwa wameyaweka moyoni.

Na wazazi je? Katika miaka ile ile ya 1960, Bibi Diana Baumrind, wa chuo kikuu cha California huko Berkeley, aliangalia watoto wadogo na namna walivyolelewa. Wazazi wengine walitoa amri bila kueleza sababu. Wengine walimwachia mtoto afanye apendavyo. Wengine waliweka sheria imara, lakini walieleza sababu yake na kumsikiliza mtoto. Watoto wa hao wa mwisho ndio walioweza zaidi kujitawala na kujitegemea.

Siku hizi sinema inaingia nyumbani kwa telefoni. Tuseme mtoto anatazama watu wakipigana. Baba mmoja anamnyang'anya telefoni bila neno. Mwingine anapita tu. Wa tatu anaketi kando yake na kuuliza: « Mwanangu, yule aliyeanguka, nani atamfunga kidonda? Mbona hawatuonyeshi mama yake? »

Maulizo
1. Kwa nini watoto walikasirishwa kwanza?
2. Watoto waliomwona mtu akichapwa, walikuwa wamesahau matendo yake? Umejuaje?
3. Mdogo wako anaiga nini kwako? Mwangalie siku moja, kisha uandike.