Ufahamu na Ufupisho: Kusoma Habari za Utengenezaji

MALENGO YA SOMO
Baada ya kujifunza somo hili utaweza:
(i) kusoma habari inayoeleza utengenezaji wa kitu na kutambua mpangilio wa hatua zake;
(ii) kutofautisha tendo na sababu ya tendo;
(iii) kufupisha habari hiyo bila kuvuruga mpangilio wala kupoteza sababu.

MAMBO YA KUZINGATIA
Habari za utengenezaji huonekana rahisi kwa sababu maneno yake si mageni. Hata hivyo, watahiniwa wengi hupoteza alama hapo. Hutaja hatua zote lakini wakachanganya ipi inatangulia ipi, au hutaja tendo wakaacha sababu yake. Katika habari ya aina hii, kila hatua ina mambo matatu: nini kinafanyika, kinafanyika lini, na kwa nini.

Unaposoma mara ya kwanza, soma hadi mwisho bila kuandika. Unaposoma mara ya pili, pigia mstari maneno yanayoonyesha wakati (kwanza, kabla ya, baada ya, ndipo, mwisho) na yanayoonyesha sababu (ili, kwa sababu, ndiyo maana, kwa hiyo). Maneno hayo ndiyo yatakayokuongoza katika kujibu maswali.

KIFUNGU CHA HABARI
Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Si kila ngoma huwambwa ngozi. Waazteki wa Mexico, kabla ya kutekwa na Wahispania mwaka 1521, walikuwa na ngoma iitwayo teponaztli. Hiyo ilikuwa gogo lililochimbwa ndani, likakatwa ndimi mbili zinazotazamana, na kupigwa kwa vijiti vyenye mpira nchani. Nchini Kongo, Walokele wa eneo la Kisangani walichimba gogo kupitia mwanya mwembamba na kuacha kingo mbili zenye unene tofauti. Ukingo mmoja ulitoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini, na kwa sauti hizo mbili walipelekeana habari kijiji hadi kijiji. Ngoma ya ndimi inayotengenezwa leo katika karakana za nyumbani hutumia sanduku la mbao badala ya gogo, lakini kinacholia ni kilekile: mti wenyewe.

(2) Ulimi wa ngoma ni kipande cha ubao kilichokatwa pande tatu, kikabaki kimeshikana na ubao kwa upande mmoja tu uitwao shina. Ukigongwa nchani hutetemeka kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza. Ulimi mrefu hutetemeka polepole na kutoa sauti nzito; ulimi mfupi hutetemeka haraka na kutoa sauti nyembamba. Tena, tofauti ndogo ya urefu huleta tofauti kubwa ya sauti. Ulimi ukifupishwa hadi nusu bila kubadili unene, mitetemo yake kwa sekunde huwa mara nne ya ile ya awali. Ndiyo maana fundi wa ngoma hii hupima kwa milimita.

(3) Kwa ubao wa juu, chagua mti mgumu uliokauka vizuri. Mninga unafaa, uko katika jenasi moja na padauk wa Afrika ya Kati, mti unaotumika kutengenezea marimba zinazopigwa kwa vijiti. Ubao mbichi haufai, kwa sababu ukikauka husinyaa na kupinda, na sauti uliyoitafuta hupotea. Ubao huo uwe na urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 22 na unene wa milimita 12, na nyuzi za mti zifuate urefu wake. Ulimi uliokatwa kukingama nyuzi huvunjika kwa urahisi. Mbao nne za pembeni ziwe na kimo cha sentimita 14 na unene wa milimita 15. Ubao wa chini unaweza kuwa wa plaiwudi.

(4) Kabla ya kushika msumeno, chora ndimi kwa penseli. Chora safu tatu kwa urefu wa ubao, kila safu iwe na upana wa sentimita 4, na kati ya safu moja na nyingine acha sentimita 2 zisizokatwa. Kila safu ina ndimi mbili zinazotazamana, moja ikiwa na shina kushoto na nyingine kulia. Katika safu ya kwanza chora ndimi za sentimita 17 na 12, katika ya pili 16 na 13, na katika ya tatu 15 na 14. Utaona kwamba kila safu ina jumla ya sentimita 29, hivyo mashina yote ya upande mmoja hukaa kwenye mstari mmoja. Ulimi wa sentimita 12 utatetemeka takriban mara mbili ya ule wa sentimita 17.

(5) Toboa tundu dogo kwa keekee kwenye kila kona ya ncha ya ulimi ili msumeno mwembamba upate pa kuingilia. Kata kufuata mistari, lakini ishia sentimita moja kabla ya kufika mstari wa shina. Mikato ikikamilika, piga msasa ubao wote, kisha ugundishe juu ya pande nne za sanduku na kuubana usiku kucha. Ubao wa chini usifungwe bado, kwa sababu mkono wako utahitaji kufika chini ya ndimi.

(6) Gundi ikikauka ndipo uanze kulinganisha sauti, ukitumia kinanda au programu ya simu inayopima sauti. Mwanzoni kila ulimi utakuwa na sauti ya juu kuliko inayotakiwa, kwa kuwa bado ni mfupi. Refusha mikato kuelekea shina milimita mbili mbili, ukigonga na kusikiliza kila mara; kadiri ulimi unavyorefuka ndivyo sauti inavyoshuka. Ikishuka kupita kiasi, kwangua ubao kwa tupa chini ya ncha: ncha ikipungua uzito, sauti hupanda. Ukikwangua chini ya shina, ulimi hulegea na sauti hushuka zaidi. Usiwe na haraka. Mkato hauwezi kurudishwa, na ubao uliokwanguliwa hauongezeki.

(7) Mwisho, toboa tundu la sauti lenye upana wa sentimita 4 kwenye ubao mmoja wa pembeni, kisha funga ubao wa chini kwa skurubu badala ya misumari ili uweze kuufungua siku ukihitaji kurekebisha sauti. Tengeneza mikwiro miwili kwa kuchomeka mpira mdogo kwenye ncha ya kila kijiti. Kijiti kitupu hutoa mlio mkavu na huumiza mbao.

MASWALI
1. Andika kichwa cha habari kinachofaa, kisichozidi maneno matano. (alama 1)
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) mwanya (b) shina (c) kwangua (d) mikwiro. (alama 4)
3. Kwa nini ubao wa chini hufungwa mwisho, na kwa nini hufungwa kwa skurubu? (alama 2)
4. Fundi amegundua kwamba ulimi mmoja una sauti nzito kuliko inayotakiwa. Afanye nini? Kwa nini asirefushe mkato? (alama 3)
5. Andika katika wingi: "Ulimi mrefu hutoa sauti nzito." Kisha taja ngeli ya neno "ulimi". (alama 2)
6. Fupisha aya ya 5 na ya 6 kwa maneno yasiyopungua 55 na yasiyozidi 65. (alama 8)

MAJIBU NA MAELEZO
1. Utengenezaji wa ngoma ya ndimi.
Kichwa kama "Historia ya ngoma" si sahihi. Historia imetajwa katika aya moja tu kati ya saba, na kichwa hubeba habari nzima.

2. (a) Uwazi mwembamba. (b) Sehemu ya ulimi iliyoshikana na ubao. (c) Ondoa ubao kidogo kidogo kwa tupa. (d) Vijiti vya kupigia ngoma.
Angalia (b). Ukiandika "sehemu ya mti iliyo juu ya mizizi" utakuwa umetoa maana ya kawaida. Swali linataka maana "kama yalivyotumika".

3. Hufungwa mwisho ili mkono uweze kufika chini ya ndimi wakati wa kulinganisha sauti. Hufungwa kwa skurubu ili uweze kufunguliwa tena.
Majibu haya yako katika aya mbili tofauti, ya 5 na ya 7. Mtahiniwa anayeacha kutafuta baada ya kupata jibu la kwanza hupata nusu ya alama.

4. Akwangue ubao chini ya ncha ya ulimi huo ili ncha ipungue uzito na sauti ipande. Asirefushe mkato kwa sababu ulimi ukirefuka sauti itazidi kushuka, na mkato hauwezi kurudishwa.
Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Kifungu kinaeleza matendo matatu: kurefusha mkato hushusha sauti, kukwangua shina hushusha sauti, kukwangua ncha hupandisha sauti. Anayeandika "akwangue ulimi" bila kusema wapi hajajibu, kwa sababu tendo hilohilo likifanyika mahali pengine huleta matokeo yaliyo kinyume. Katika karakana, kosa hilo huharibu ubao mzima wa mninga.

5. Ndimi ndefu hutoa sauti nzito. Ngeli ni U-ZI.
Wengi huandika "ndimi mirefu". Kivumishi lazima kifuate ngeli ya nomino: ulimi mrefu, ndimi ndefu. Neno "sauti" halibadiliki umbo katika wingi.

6. Kata ndimi ukiishia sentimita moja kabla ya mstari wa shina, kisha gundisha ubao wa juu kwenye pande nne. Gundi ikikauka, pima sauti ya kila ulimi. Ikiwa ya juu mno, refusha mkato kidogo kidogo kuelekea shina. Ikishuka kupita kiasi, kwangua chini ya ncha ili ipande. Kukwangua chini ya shina huishusha. Fanya kazi hii yote polepole, kwani mkato haurudishwi wala ubao uliokwanguliwa hauongezeki. (Maneno 61)
Ona yaliyoachwa: tundu la keekee, msasa, kinanda na simu. Ni ya kweli, lakini ukiyaondoa maana haibadiliki. Sentimita moja kabla ya shina haikuachwa, kwa sababu bila hiyo msomaji angekata hadi mstari na kukosa nafasi ya kushusha sauti.

ZOEZI
Fupisha aya ya 3 na ya 4 kwa maneno yasiyozidi 60. Ukimaliza, mpe mwenzako ufupisho wako bila kumwonyesha kifungu, kisha mwombe achore ubao wa juu na ndimi zake sita kwa vipimo sahihi. Akikwama, tazama amekwamia wapi: hapo ndipo ulipoacha hoja muhimu. Isahihishe, hesabu maneno upya, na uandike nakala safi.