Viungo vya Mbao katika Mashua: Yapasayo Kukaguliwa Kabla ya Kulipa

Mbao ndefu, zilizonyooka na zisizo na vifundo, ni adimu na bei yake ni kubwa. Kwa hiyo fundi huunga mbao fupi ncha kwa ncha. Huo si udanganyifu. Linalompasa mnunuzi ni kujua namna zilivyoungwa, kwani kiungo kibaya huachia baharini, si karakanani.

Ubao una nyuzi zilizo kama mirija myembamba. Ncha mbili zilizokatwa wima zikigandishwa kwa gundi, mirija hiyo huinyonya, na inayobaki haitoshi kushika. Ndiyo maana ncha huchongwa mshazari zikalaliana, gundi ikashika ubavu wa nyuzi. Urefu wa mshazari usipungue mara nane ya unene wa ubao: ubao wa sentimeta 2.5 hutaka sentimeta 20, na mafundi wengine hufikia 30. Mshazari mfupi huokoa mbao za fundi. Hasara ni ya mwenye chombo.

Ncha zilizokatwa wima zinakubalika endapo tu zimetiliwa nguvu kwa kipande cha ubao upande wa ndani, baina ya mataruma mawili.

Sharti la kuikagua mashua kabla ya kupakwa rangi liandikwe katika mapatano, maana rangi huficha yote. Utafute mstari wa kiungo upande wa nje, kisha mstari wake upande wa ndani, na upime umbali wa kila mmoja kutoka taruma lile lile. Tofauti iliyopo ndiyo urefu wa mshazari. Mistari ikikabiliana, ubao ulikatwa wima. Mstari wa nje uwe karibu zaidi na tezi kuliko wa ndani, ili maji yapitayo yasiubandue ukingo. Viungo vya mbao mbili zinazopakana visifuatane mahali pamoja.

Uliza pia ni gundi gani iliyotumika, na uombe kuona kopo lake. Gundi nyeupe ya samani hulainika majini. Ya epoksi hustahimili, ikiwa mbao zilikuwa kavu.

Kiungo kikionekana kina ufa, usikubali kipigiliwe misumari na kufunikwa. Dai kifunguliwe na kuungwa upya, au ubao ubadilishwe, na usilipe salio la bei mpaka umekikagua tena.