Kipimo cha Umeme wa Ubongo kwa Macho: Uliza Kabla ya Kulipa

Jicho hupokea nuru, lakini kuona hukamilika katika ubongo. Kipimo hiki huchunguza njia iliyopo kati ya viwili hivyo. Mgonjwa huketi mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe, mithili ya ubao wa drafti, inayobadilishana rangi mfululizo. Elektrodi ndogo zilizobandikwa kisogoni hunasa umeme ambao ubongo wenyewe huuzalisha. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Kwa mtu mzima mwenye afya, wimbi kuu hutokea takriban milisekunde 100 baada ya miraba kubadilika. Likichelewa, huenda neva ya jicho imeathirika, hata kama mgonjwa bado anasoma herufi vizuri.

Jambo dogo linaloweza kuharibu kazi yote ni miwani. Ukiiacha nyumbani, miraba huonekana kwa ukungu, wimbi huchelewa au hufifia, na jicho zima likadhaniwa gonjwa. Toa taarifa pia iwapo umetiwa dawa ya kupanua mboni. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta.

Kipimo hiki hakitaji jina la ugonjwa, wala hakitumiki kuandikia miwani ya kawaida. Ukielekezwa kukifanya kwa sababu hiyo pekee, tunakushauri uombe maelezo kabla ya kulipa. Kwa mtoto mchanga, asiyeweza kueleza anachokiona, thamani yake ni kubwa zaidi. Dai nakala ya majibu, ya kila jicho peke yake.