Mbona muuguzi amempunguzia mama oksijeni?

Swali: Mama amelazwa hospitalini hapa Tandahimba kwa ugonjwa sugu wa mapafu. Anahema kwa shida, lakini muuguzi amepunguza oksijeni. Ni sawa kweli?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Huenda ni sawa kabisa. Mapafu yaliyochakazwa na moshi wa kuni au tumbaku hushindwa kutoa hewa ya ukaa. Oksijeni ikizidi, hewa hiyo hulimbikizana kwenye damu, mgonjwa akawa anasinzia hata kuamka kukawa shida. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa aina hii kipimo cha kidoleni hulengwa kiwe asilimia 88 hadi 92, si 100. Msiguse mtambo, hata kama jirani yake wodini anapewa nyingi.

Kazi yenu ipo. Asilale chali; mkalisheni, ainame mbele kidogo, mikono juu ya mto. Avute hewa kwa pua, aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto. Uji apewe kidogo kidogo, maana tumbo likijaa hubana pumzi. Na wageni jamani, wasimzingire! Akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au midomo ikigeuka buluu, mwiteni muuguzi papo hapo.

Akiruhusiwa, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho asikaribie shamba.